Chati ya Mwalimu Desimali

Kama ungepita nje ya darasa la kwanza asubuhi yoyote ya muhula ule, ungeapa kwamba humo ndani wamekusanywa watoto wenye akili kuliko wote duniani. Sauti sitini na tatu zilipaa kwa pamoja, ba be bi bo bu, da de di do du, mpaka mabati yakaitikia. Walimu wa madarasa ya jirani walifunga milango yao. Wazazi waliokuwa wakipita walipunguza mwendo, wakatabasamu, wakaendelea na safari zao roho zimetulia. Na pale mbele, uso kwa watoto na mgongo kwa ukuta, kijiti cha kuonyeshea kimelazwa begani, alisimama Mwalimu Desimali akijisikia vizuri sana.

Jina la Desimali hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanafunzi, baada ya yeye kumkata mtoto mmoja nusu alama kwa sababu nukta ya desimali aliiweka, kwa maneno ya mwalimu mwenyewe, "kwa dharau." Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amefundisha hesabu madarasa ya juu, na alikuwa hodari, hilo hakuna wa kulibishia. Watoto wazito kuliko wote walipita mikononi mwake wakatoka wanagawanya sehemu kama wanaokata mkate.

Kisha mwalimu wa darasa la kwanza akastaafu. Mama huyo alikuwa amewafundisha kusoma nusu ya watu wa mtaa ule. Walimfanyia sherehe, wakampa saa ya ukutani na hotuba nne, wakapiga naye picha, wakamsindikiza hadi getini, akahamia kwa binti yake, mwendo wa siku mbili. Katika watu wote waliomkumbatia siku ile, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumuuliza alikuwa anafanyaje. Aliondoka na ujuzi wake wote kichwani, kama mtu aliyehama nyumba na funguo zimo mfukoni.

Mkuu wa shule, mama mfupi mwenye hatua ndefu, alizungusha macho chumba cha walimu akaona uso mmoja tu usio na wasiwasi.

"Wewe," alimwambia Desimali. "Darasa la kwanza."

"Mimi? Mkuu, mimi mtu wa hesabu."

"Wewe una uzoefu. Na ni a e i o u tu hizo."

Naye, Mungu amsamehe, aliamini. Mtu anayeijua aljebra atashindwa na ba?

Alipelekwa semina, tusije tukasema hakusaidiwa. Ilikuwa ya siku moja. Mwezeshaji alisimama tangu saa tatu hadi saa tisa akiwasomea maandishi yaliyomulikwa ukutani, neno kwa neno, kwamba mwalimu bora haongei peke yake bali huwashirikisha wanafunzi wake. Mwalimu mmoja wa viti vya nyuma alinyoosha mkono, akaambiwa maswali yatakuwa mwishoni. Mwisho ulipofika, gari la mwezeshaji lilikuwa limeshawashwa. Desimali alirudi nyumbani na kalamu, faili la plastiki na cheti, mkewe akakitundika cheti sebuleni juu ya cherehani yake.

Darasani alikuta vitu viwili tu vilivyoachwa na yule mama: kengele ya mkono isiyolia, na chati ya silabi. Chati yenyewe ilikuwa karatasi pana ya manila, ina kijiti juu na kijiti chini, na kamba kwenye kila kijiti, ili jioni iviringishwe isilowe na mvua ya dirishani na asubuhi itundikwe tena msumarini. Desimali aliitundika, akawaimbisha watoto mstari kwa mstari, na baada ya wiki tatu walikuwa wanaimba chati nzima bila kukosea. Baada ya wiki tano yeye mwenyewe hakuwa na haja ya kugeuka. Alikuwa akinyoosha kijiti nyuma kwa juu ya bega, akigonga ukuta, na sauti sitini na tatu zinatoka.

Mmoja wa hao sitini na tatu alikuwa mwanawe, yule wa mwisho, aliyeitwa Kitinda kwa kuwa alikuwa kitinda mimba wao. Baba na mtoto walikuwa na mkataba. Kutoka nyumbani hadi getini walishikana mikono na Desimali alikuwa "baba". Wakifika getini wanaachana mikono, Kitinda anakunja uso wa kiofisi, anasema, "Shikamoo, mwalimu," naye anaitikia, "Marahaba, mwanafunzi." Toka hapo hakuna baba tena mpaka kengele ya kurudi nyumbani. Kitinda hakuwahi kuuvunja mkataba huo hata siku alipoanguka akachubuka goti. Alilia "mwalimu, mwalimu" hadi akafungwa kitambaa.

Basi Jumatatu moja Mkuu alikuja na boksi la chaki mkononi, akasimama mlangoni. Watoto walikuwa wanaimba kwa nguvu zote. Desimali alimwona, akanyoosha mgongo, akagonga kijiti kwa madaha zaidi. Ba be bi bo bu! Da de di do du! Akasubiri kusifiwa. Lakini Mkuu hakuwa anawatazama watoto. Alikuwa anatazama ukuta, na boksi la chaki lilikuwa linamshuka taratibu mkononi.

"Mwalimu," alisema watoto walipomaliza. "Hebu geuka."

Desimali akageuka. Chati ilikuwa imetundikwa miguu juu. Mstari wa ba ulikuwa chini kabisa, umelala kichwa chini, na pale juu alipokuwa akigonga palikuwa na za ze zi zo zu, zimepinduka kama sahani zilizooshwa. Watoto sitini na tatu walikuwa wameisoma chati iliyopinduka, yote, bila kusita hata mmoja.

"Wanasoma?" Mkuu aliuliza kwa sauti ndogo.

Ofisini Mkuu hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alimwambia tu mambo yalivyo. Mkaguzi wa elimu atakuja wiki ya mwisho ya muhula, kama kila mwaka, kuwasikiliza darasa la kwanza. Wakiwa hawasomi, hawavuki kwenda la pili. Wote watarudia mwaka.

"Wote?"

"Wote sitini na tatu. Na wiki zimebaki saba."

Desimali alimwona akilini Kitinda amekaa kwenye dawati lilelile mwaka unaofuata, wenzake wa mtaani wamempita, kwa sababu tu baba yake hakugeuka kutazama ukuta. Alitoka ofisini akiwa mdogo kuliko alivyoingia.

Jioni ile alimsimulia mkewe. Mkewe alikuwa fundi wa kushona, mwanamke mcheshi ambaye pini zilikuwa zinakaa mdomoni mwake muda mwingi kuliko chakula. Alimsikiliza mpaka mwisho, akatema pini, akamwita Kitinda. Akachukua chaki yake ya fundi na katikati ya kitambaa cheusi akaandika: ba.

"Haya, soma hii."

Kitinda aliinamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Hii siijui."

"Ni ba, mwanangu. Si ile unayoiimba kila siku hadi majirani wanaijua?"

"Hapana, mama," Kitinda alisema kwa subira kubwa, kama anayemwelekeza mgeni. "Ba iko juu, karibu na dirisha. Hii iko kwenye kitambaa."

Mkewe alicheka mpaka akajishikilia meza. Desimali hakucheka. Aliona aibu iliyomshika masikio, na chini ya aibu kulikuwa na woga, kwa sababu alitambua kuwa hana la kufanya kesho asubuhi. Atafanya nini, awaimbishe kwa sauti zaidi?

"Nimefundisha miaka ishirini na miwili," alisema.

"Umefundisha hesabu," mkewe alisema, sasa hacheki tena. "Baba Kitinda, mimi kushika mkasi tu nilikaa ubavuni kwa fundi wangu miaka miwili. Ananishika mkono, nikikata vibaya anasonya, ananipa kipande kingine. Wewe wamekupa watoto sitini na tatu na kalamu. Ungeshona nini?"

"Na cheti."

"Na cheti, ndiyo. Nitakishusha, nipate pa kutundika mikanda yangu ya kupimia. Sasa nenda kamtafute fundi."

Fundi alipatikana kwa kelele. Kesho yake, saa ya mapumziko ilipokwisha, darasa la sita lilikuwa linanguruma kama soko. Hilo lilikuwa darasa la Desimali la zamani, na tangu alipohamishwa lilikuwa limekabidhiwa kwa mwalimu wa mazoezi aliyeletwa kutoka chuoni, binti mwembamba ambaye watoto walimwita Mwalimu Mdogo. Desimali alimkuta amesimama nje ya mlango, kachafuka chaki hadi nyusi, anapumua kama aliyetoka kukimbizwa.

"Hawanisikii," alisema kabla hajaulizwa. "Napiga kelele hadi koo limekauka. Mwalimu, mimi nadhani kazi hii si yangu. Nimeshaandika barua."

Desimali alichungulia ndani. Kukawa kimya papo hapo. Hata nzi, nadhani, walikaa. Alisema neno moja la chini, "Daftari," daftari zikafunguliwa. Akarudi mlangoni.

"Ukipandisha sauti, na wao wanapandisha. Ishushe. Washindane kukusikia. Na usianze kuongea mpaka umewatazama wote, dawati kwa dawati. Hilo hakukuambia mtu chuoni?"

"Chuoni nilisomea kufundisha watoto wadogo kusoma. Darasa la kwanza na la pili. Nilipofika hapa wakasema nafasi iliyopo ni hesabu, darasa la sita."

Desimali alimtazama, akamtazama tena. Hapo palikuwa na binti aliyefundishwa kufundisha ba, amewekwa kwenye sehemu na desimali; na hapa palikuwa na mzee mzima wa desimali, amewekwa kwenye ba. Kati yao ulikuwa ukuta wa matofali na milango mitatu. Kama kuna mtu aliyelipanga hilo kwa makusudi, alistahili zawadi.

Kilichobaki kilikuwa neno moja. Alikuwa hajalitamka mbele ya mwalimu mwenzake tangu aajiriwe. Alikohoa, akarekebisha tai, akatazama paa.

"Mimi sijui," alisema. "Kumfundisha mtoto kusoma, sijui. Nifundishe."

Mwalimu Mdogo alidhani anataniwa. Alipoona hataniwi, alijifuta chaki usoni, akaichana barua yake vipande viwili, kisha, kwa kuwa alikuwa msafi, akaviweka mfukoni.

Walikwenda pamoja kwa Mkuu kuomba wabadilishwe. Mkuu alikataa hata hawajakaa vizuri.

"Yeye mazoezi yake yanakwisha na muhula. Nikiwabadilisha, ataondoka kama alivyoondoka yule mama, na mwakani nitabaki na chati." Akagongagonga kalamu. Uso wake ulilegea. "Kosa lile lilikuwa langu pia. Nilisema ni a e i o u tu. Basi sikieni. Kila siku kipindi cha mwisho mtu mmoja ataingia darasani kwa mwenzake, akae nyuma, atazame, na aonyeshe inapobidi. Darasa litakalobaki peke yake nitalishika mimi. Nina miaka tisa sijashika chaki, watanivumilia."

Hivyo ndivyo mzee wa miaka hamsini na mbili alivyoanza kusoma darasa la kwanza. Siku ya kwanza Mwalimu Mdogo aliiviringisha chati, akaitupa juu ya kabati.

"Kwa sasa hatuihitaji," alisema. "Tunaanza na sauti. Mwalimu, nyuki analiaje?"

"Nyuki?"

"Ndiyo. Analiaje?"

Watoto wote waligeuka kumtazama. Desimali, mtu wa tai, mtu wa nusu alama, alitazama mlango kama anayepima umbali. Kisha akapiga moyo konde.

"Zzz," alisema.

"Nyuki huyo amekufa, mwalimu. Anayeruka analiaje?"

Akaruka. Alizunguka madawati mikono imenyooshwa, zzzz, tai ikipepea, na alipopita karibu na dirisha alikutana macho kwa macho na nusu ya darasa la sita waliokuwa wametoroka kwa Mkuu kuja kuona. Siku hiyo jina la Desimali lilipata mshindani. Kwa wiki nzima, kila alikopita, korido ilisikika ikivuma.

Lakini watoto walijifunza z. Walijifunza s kwa nyoka na m kwa mtu aliyeonja kitu kitamu, na kisha walijifunza kuzisogeza sauti hizo karibu mpaka zishikane. Mkewe alikata maboksi ya vitambaa kuwa kadi, mia tatu na zaidi, na Desimali akaandika silabi moja kila kadi kwa mwandiko wake ulionyooka kama rula. Kadi zilichanganywa kila asubuhi kama karata, ili ba isiwe na nyumba tena. Leo iko juu, kesho iko chini ya dawati, kesho kutwa iko mfukoni mwa mtu. Na kila mtoto alisoma peke yake. Hilo lilimshinda Desimali nguvu mwanzoni, maana kwaya ilikuwa imemficha mambo mengi. Sasa alisikia sauti moja moja, na aligundua kuwa watoto ishirini hivi walikuwa wakifungua midomo tu muda wote ule, bila kutoa kitu.

Alikosea pia, tusimpambe. Wiki ya pili alirudia mazoea yake: mtoto alisoma "mama" kama "mana", naye akatoa kalamu nyekundu akamwandikia nusu. Mtoto aliitazama ile nusu, akafunga mdomo, akakataa kusoma hadi Ijumaa.

"Amepata m ya kwanza," Mwalimu Mdogo alimwambia baada ya watoto kutoka. "Amepata a zote mbili. Umemwonyesha alichokosa tu. Mwonyeshe alichopata kwanza, cha kukosa atakitafuta mwenyewe."

"Robo tatu basi," Desimali alinung'unika, lakini kalamu nyekundu aliifungia kwenye droo.

Desimali naye alimlipa Mwalimu Mdogo kwa kazi hiyohiyo. Alikaa nyuma ya darasa la sita, mikono imekunjwa, na kila alipomsikia anapandisha sauti alinyoosha kiganja, akakishusha polepole. Alimfundisha kukata karatasi moja mbele ya watoto kabla ya kutaja neno sehemu. Alimfundisha pa kusimama, wapi pa kunyamaza, na jinsi ya kumfanya mtundu mkubwa wa darasa awe mgawaji wa daftari ili asipate nafasi ya utundu mwingine. Mkuu, aliyekuwa akirukaruka kati ya madarasa na chaki kwenye nywele, alianza kuonekana kijana.

Hata hivyo wiki ya nne ilipokwisha, Desimali aliandika hesabu yake: waliokuwa wakisoma peke yao walikuwa kumi na mmoja. Kitinda hakuwa kati yao. Alitembea naye kurudi nyumbani kimya, mkono mdogo ndani ya mkono wake, akafikiri kwamba labda amechelewa.

Nyumbani walimkuta mteja, mwanamke mnene mwenye mkoba mkubwa, amekaa kusubiri gauni lake. Mkewe alikuwa anamhakikishia kwa uso mtakatifu kuwa gauni limekwisha kitambo, limebaki kupigwa pasi tu, ni dakika. Kitinda alisogea kwenye kamba ya nguo. Kila nguo ilikuwa na kipande cha karatasi kilichopachikwa kwa pini, mwandiko wa mama yake. Alishika gauni moja la maua, akakunja uso, midomo ikaanza kutembea.

"Ba," alisema. Akafuata kwa kidole. "Do. Ba... do. Bado! Mama, gauni hili limeandikwa bado!"

Mteja alisimama, akaenda kwenye kamba, akalinyanyua gauni lake la maua. Halikuwa na mikono.

"Mama Kitinda," alisema.

Mkewe alirudisha pini mdomoni. Desimali ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akaketi kwenye kibao cha cherehani, akamvuta Kitinda kifuani, machozi yanamtoka, mpaka mteja naye akaona hawezi kuendelea na hasira peke yake.

"Kumi na wawili," Desimali alisema akijifuta macho. "Kumi na wawili, mke wangu."

"Na mteja mmoja pungufu," mkewe alisema, lakini alikuwa anacheka pia, na usiku haujaingia mikono ya gauni ilikuwa imeshashonwa.

Toka hapo mambo yalikwenda mbio. Kumi na wawili wakawa ishirini na saba, ishirini na saba wakawa arobaini, maana waliojua waliwafundisha wasiojua kwa ukali ambao mwalimu mtu mzima asingethubutu. Wiki ya saba ikafika, na Alhamisi yake mkaguzi akafika.

Alikuwa mwanaume mrefu, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, na alikuwa ameshakagua shule mbili asubuhi hiyo. Aliketi nyuma. Mkuu aliketi pembeni yake, Mwalimu Mdogo akasimama karibu na kabati, vidole vimefumbatwa. Desimali hakuwa amelala vizuri. Alikuwa amepanga aanze na kadi, lakini alipomwona mkaguzi anafungua faili alichanganyikiwa, mikono ikakimbilia ilichokizoea. Akaishusha chati kutoka juu ya kabati, akaifungua, akaitundika msumarini, akageukia watoto, akalaza kijiti begani. Akanyoosha kijiti nyuma, akagonga ukuta.

"Someni."

Hakuna aliyesoma.

Watoto sitini na tatu walimkodolea macho, midomo imefungwa. Akagonga tena. Kimya. Nje, mtu alikuwa anasukuma mkokoteni, na gurudumu lake lilisikika likilia hadi likapotea. Wamesahau, Desimali alijiambia. Wiki saba, kadi mia tatu, nyuki na nyoka, na wamesahau vyote. Watarudia mwaka, na Kitinda pamoja nao. Mkuu alikuwa ameinamisha kichwa.

Kwenye dawati la tatu Kitinda alikuwa ananyoosha mkono hadi amenyanyuka kwenye benchi. Desimali alishindwa hata kumruhusu. Mtoto akastahimili, akastahimili, kisha mkataba wote wa getini ukamponyoka.

"Baba! Umeipindua!"

Na darasa zima likalipuka. "Imepinduka, mwalimu! Miguu juu! Ba iko chini! Haisomeki!" Wengine walikuwa wamelaza vichwa kwenye madawati wakijaribu kuisoma kichwa chini, mmoja alikuwa ameinama anachungulia katikati ya miguu yake mwenyewe na kutamka, kwa shida lakini kwa usahihi, zu, zo, zi.

Desimali aligeuka. Aliitazama chati ile, na furaha ilimjia ghafla, kubwa. Hawakuwa wamesahau. Walikuwa wanatazama.

Mkaguzi alikuwa ameshusha miwani kutoka pajini. Alikuja mbele, akazichanganya kadi mwenyewe, akawaita watoto mmoja mmoja, wa mbele na wa nyuma, wasafi na wenye makamasi. Walisoma. Wengine walikimbia, wengine walitambaa, wanne walikwama na wakasaidiwa na jirani kabla hawajaombwa. Hata yule aliyepewa nusu alisoma, na alipomaliza alimtazama Desimali moja kwa moja machoni.

"Wanavuka," mkaguzi alisema, akaandika. Kisha akaelekeza kalamu ukutani. "Lakini hili la chati, mwalimu, nimekuwa kwenye kazi hii muda mrefu na sijawahi kuliona. Kuipindua ili ujue kama wanasoma au wanaimba. Ni mbinu safi sana. Nitaiandika kwenye ripoti. Uliipata kwenye semina gani?"

Nyuma ya mgongo wa mkaguzi Mkuu alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu, ndiyo, ndiyo, kubali. Lilikuwa jambo jepesi sana. Ndiyo moja tu, na jina lake lingefika ofisi ambazo miguu yake haijawahi kufika.

Desimali alirekebisha tai.

"Hapana," alisema. "Sikuipanga. Nimekosea. Na si mara ya kwanza; wiki saba zilizopita niliipindua hivihivi, wakaisoma yote, na mimi sikujua, kwa sababu nilikuwa sijui kufundisha kusoma. Semina nilikwenda, nikarudi na kalamu. Aliyenifundisha ni huyu hapa."

Mwalimu Mdogo alitamani kabati limfunike. Mkaguzi alimtazama binti, akamtazama mzee, kisha akakaa kwenye dawati la watoto, magoti yakamfika kifuani, akageuza ukurasa mpya kabisa.

"Hebu nielezeni," alisema. "Tangu mwanzo. Mlikuwa mnafanyaje?"

Walimweleza hadi kengele ya kurudi nyumbani, wakipokezana, Mkuu naye akidakia. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika shule ile, kuna mtu aliyeuliza swali hilo na kuandika majibu yake. Na kabla Mwalimu Mdogo hajarudi chuoni, walimu wote walishakubaliana kuwa kipindi cha mwisho cha kutazamana madarasani kitaendelea.

Getini Kitinda alikuwa anasubiri, ameinamisha kichwa, begi kaliweka miguuni.

"Nimesema baba darasani," alisema. "Nimevunja mkataba."

"Nilisikia. Watu wote walisikia."

"Utanikata nusu?"

Desimali aliliokota begi lake, akampa mkono, na wakaingia barabarani.

"Leo," alisema, "anayestahili kukatwa ni mwalimu."